Mti wa Karne, Ruzuku ya Miaka Mitatu

Mtajie mkazi wa Mwanza neno "mwaloni", naye atakuelekeza Kirumba, ziwani, kwenye soko la dagaa. Mwalo ni mahali mitumbwi inapofikia, na mwaloni ni papo hapo. Mtajie msomaji wa Biblia neno hilohilo, atakumbuka mti: mialoni ya Mamre alikokaa Ibrahimu, au mwaloni ulionasa kichwa cha Absalomu huku nyumbu wake akichoropoka chini yake. Mti wenyewe si wa mbuga zetu wala pwani yetu, ndiyo maana kwa wengi wetu umebaki mti wa kitabuni. Katika insha hii nataka kuuweka mti huo wa kitabuni karibu na mti tunaoujua vizuri, mgunga wa Usukuma, kisha niulize jambo moja kuhusu yote miwili: pesa ya kuuchunguza mti hutoka wapi, na anayeitoa anataka kujua nini?

Nimechagua nchi tatu. Ya kwanza ni vilima vya California, ambako mialoni husimama mmojammoja na nyasi za kiangazi chini yake hukauka zikawa rangi ya simba. Ya pili ni kusini magharibi mwa Hispania, Extremadura na Andalucía, ambako nguruwe weusi hunenepa kwa kokwa za mwaloni. Ya tatu ni Shinyanga. Zote tatu ni nchi za miti iliyotawanyika, nyasi na mifugo, na kiangazi chake ni kirefu. Zote tatu zilichukua hatua mwaka mmoja, 1986. Mwaka huo Chuo Kikuu cha California, pamoja na idara mbili za serikali ya jimbo, ya misitu na ya wanyamapori, kilianzisha mpango wa utafiti na elimu kuhusu mialoni ya malisho. Mwezi wa Mei, Extremadura ilipitisha sheria ya mapori yake ya mialoni. Na Tanzania ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo wananchi waliizoea kwa jina la HASHI.

Hakuna aliyemwiga mwenzake. Kila mmoja alikuwa anaganga jeraha lake. Na ukilichunguza jeraha lenyewe, utakuta kwamba katika nchi mbili kati ya hizo tatu wataalamu nao walikuwa na mkono wao katika kulisababisha.

Neno lenye uzio

Wahispania huliita pori lao la mialoni dehesa. Neno hilo limetokana na defensa ya Kilatini, yaani ardhi iliyokingwa, ambayo mifugo ya wengine hairuhusiwi kuingia. Wasukuma wana ngitili, kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza ili nyasi zikue bila kukanyagwa. Kiangazi kinapobana hufunguliwa fungu kwa fungu, na wanaotangulizwa ni ndama, maksai wa kulimia na wanyama dhaifu. Waarabu nao, tangu kabla ya Uislamu, walikuwa na hima, malisho yaliyotengwa kwa masharti. Mzizi wa neno hilo ndio uliotupa sisi himaya. Kilatini, Kisukuma na Kiarabu hazina undugu, lakini zilikutana kwenye wazo moja: malisho huanza kwa kuzuia. Asiyejua kufunga pori hana pori la kufungua.

California haikubahatika kurithi neno la namna hiyo. Wafugaji wake husema ranchi, neno lililobaki baada ya Wahispania waliofika na ng'ombe wao kuanzia 1769. Kabla yao mialoni ilikuwa na wenyewe. Wamiwok, Wayokuts na makabila mengine waliishi kwa kokwa zake. Walizitwanga, wakazichuja kwa maji mara nyingi kuondoa uchungu kama sisi tunavyoloweka muhogo mchungu, wakapika uji. Katika wilaya ya Amador kuna mwamba mmoja wenye vinu 1,185, vyote vimechimbwa na michi ya akina mama wa Kimiwok. Wenyeji hao pia waliuchoma moto uwanda kwa makusudi na kwa kipimo, wakipunguza vichaka na kurahisisha kuokota kokwa. Mwaka 1793 gavana wa Kihispania, José Joaquín de Arrillaga, aliupiga marufuku moto huo. Hivyo karne mbili baadaye, California ilipohitaji elimu ya mialoni, wenye elimu hiyo walikuwa bado hai, ila haikuwa desturi kuwauliza. Chuo kikuu ndicho kilichokalia kiti cha mzee.

Tofauti hii ndiyo ya kwanza kuipima. Dehesa na ngitili ni elimu iliyokuwepo kabla ya mtafiti, na mtafiti alipofika alikuta watu wenye la kusema. Huko California mtafiti alifika penye ukimya, akalazimika kuanza upya, na alianza kwa kukosea.

Pesa iliyolipia shoka

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nyama ya ng'ombe ilikuwa na soko kubwa Marekani, na mfugaji wa California alitaka nyasi zaidi. Wataalamu walimpa hesabu rahisi: kivuli kikiondoka, jua litafika chini, nyasi zitaongezeka, ng'ombe watanenepa. Maafisa ugani wakaieneza, matingatinga na dawa za kuulia miti zikafanya kazi. Kuanzia 1945 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, zaidi ya ekari milioni moja za mialoni zilifyekwa, nyingi kwa jina la kuboresha malisho.

Je, wataalamu walidanganya? Hapana, na hapo ndipo penye fundisho. Mialoni ilipokatwa, nyasi ziliongezeka kweli. Mtafiti aliyepima mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu aliona ongezeko kwa macho yake. Lakini kwenye vilima vya Sierra Nevada, ambako chuo kikuu kina kituo cha utafiti tangu 1960, vipimo havikukoma mapema hivyo. Mwaka 1987 Burgess Kay alichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba faida ile hudumu takriban miaka 15, kisha hutoweka. Baadaye Randy Dahlgren na wenzake wa chuo kikuu cha Davis walieleza sababu. Mwaloni wa buluu, ule unaotawala vilima vikavu vya huko, hufyonza rutuba kutoka chini na pembeni, huirudisha juu kwa majani yanayoanguka, na udongo ulio chini ya matawi yake huwa tajiri kuliko wa jirani. Ukiukata, nyasi hula akiba hiyo kwa miaka kadhaa kama mrithi anayetapanya mali ya marehemu. Akiba ikiisha, umebaki bila mti na bila ziada. Kwenye maeneo yenye mvua nyingi hesabu hubadilika, na kupunguza miti iliyosongamana huweza kuongeza nyasi. Kwenye maeneo makavu, mti ndio rutuba yenyewe.

Shinyanga ina kisa kinachofanana na hicho. Wakati wa Waingereza, utafiti wa mbung'o wa Tanganyika uliwekwa makao yake hapo, chini ya C.F.M. Swynnerton, ambaye kitabu chake kikubwa kuhusu mbung'o wa Afrika Mashariki kilitoka 1936, miaka miwili kabla hajafa katika ajali ya ndege. Swali lililolipiwa lilikuwa moja: mbung'o ataondokaje? Jibu mojawapo kubwa lilikuwa kumnyima kivuli, na vichaka vikafyekwa kwa nguvu kazi ya vijiji. Tusiwahukumu kwa haraka. Mtu ambaye ng'ombe wake wanakufa kwa nagana hana haja ya hotuba kuhusu uoto wa asili. Ila swali lililipiwa nusu. Hakukuwa na mfuko wa kuuliza uwanda ule utakuwaje miaka 40 baadaye, mashamba ya pamba yakipanuka, watu na mifugo ikiongezeka, na familia zikihamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970 zikiziacha ngitili zao nyuma. Ilipofika miaka ya 1980, Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania.

Hispania iliumia kwa njia nyingine, na njia hiyo ilipita kwetu. Mwaka 1921 daktari wa mifugo Eustace Montgomery alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa uliokuwa ukiua nguruwe nchini Kenya, ule tunaouita leo homa ya nguruwe ya Afrika. Mwaka 1957 ugonjwa huo ulifika Lisbon, na 1960 ukaingia Hispania, usitokomezwe huko hadi 1995. Nguruwe wa dehesa walipoanza kufa na soko lao kuporomoka, kokwa za mwaloni zilipoteza bei, na mti usio na bei huwa kuni. Trekta na ngano zikasaidia kuumaliza. Huko wataalamu hawakuwa wakosaji wakuu. Lakini somo ni lilelile: mti ulisimama kwa sababu ya anayekula chini yake, na kilichomgusa mlaji kiliugusa mti.

Majibu matatu ya 1986

Bodi ya misitu ya California ilikuwa na njia mbili. Ingeweza kutunga kanuni za kuwazuia wenye ardhi wasikate mialoni, au ingeweza kuwaelimisha. Karibu asilimia 80 ya mialoni hiyo iko kwenye ardhi ya watu binafsi, na wafugaji hawakutaka kusikia habari ya kibali. Bodi ikachagua elimu. Ndivyo mpango wa 1986 ulivyozaliwa: utafiti ukawa mbadala wa sheria.

Kwa miaka zaidi ya 20 mpango huo ulifanya mambo ya maana. Douglas McCreary alitafuta namna ya kuotesha mwaloni kwenye malisho, mahali ambapo mche mchanga hushindana na nyasi ngeni kutoka nchi za Mediterania, ukatafunwa na panya, ukakanyagwa na ng'ombe. Aliyoyapata ni mambo ambayo mfugaji anaweza kuyafanya mwenyewe: palilia, zika kokwa mapema, vika mche mrija wa plastiki. Lynn Huntsinger wa Berkeley na wenzake waliwahoji wenye ardhi mwaka 1985, wakarudi 1992, wakarudi tena 2004. Kurudi huko ndiko kulikoonyesha kwamba tabia inabadilika na wanaokata mialoni wanapungua.

Lakini adui naye alikuwa amebadili sura. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. California methali hiyo imepinduka, wajenzi ndio waliojaa. Nyumba za wanaokimbia miji na mashamba ya mizabibu ndivyo vilivyoanza kumeza mialoni, na mfugaji aliyeonekana mkosaji miaka ya 1960 akawa mlinzi, kwa kuwa ranchi inayouzwa hukatwa viwanja. Sheria ya jimbo ya 2001 ilitambua hilo, ikatoa njia ya kumlipa mwenye ardhi anayefunga mkataba wa kutojenga. Kisha uchumi ulitikisika mwaka 2008, bajeti ya jimbo ikabanwa, na mpango wa 1986 ukakosa pesa ukafungwa. Mbadala wa sheria ulikuwa umeondoka, na ile sheria ya kukataza ambayo ulikuwa badala yake haikuwahi kutungwa.

Jibu la Extremadura lilikuwa tofauti: sheria ilitangulia. Ilimtazama mwenye shamba kubwa anayeliacha bila kulitumia ipasavyo, ikadai kwamba dehesa ina wajibu kwa jamii. Hata hivyo mwaka huohuo, Januari, Hispania ilijiunga na Jumuiya ya Ulaya, na mfuko wa Brussels ukawa na sauti kubwa kuliko sheria ya jimbo. Ruzuku ya Ulaya ilihesabu mifugo, basi mifugo ikaongezeka, na miche ya mwaloni ikaliwa kabla ya kuvuka goti. Baadaye ruzuku ikahesabu hekta za nyasi. Kuanzia 2015 kipimo chake kilikata sehemu iliyofunikwa na miti, kwa sababu chini ya mti picha ya setilaiti haioni malisho. Mkulima aliyehifadhi mialoni mingi akajikuta na hekta chache za kulipwa. Wakati huohuo mialoni ilikuwa ikifa kwa ugonjwa ambao Wahispania huuita seca, yaani ukavu, unaohusishwa zaidi na kijidudu cha udongoni kinachoozesha mizizi. Ulaya ilikuwa ikilipa watafiti wauokoe mti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ikimlipa mfugaji zaidi kwa pale mti usipokuwepo.

HASHI nayo ilianza kwa kujikwaa. Ilifungua bustani za miche, ikagawa miti ya kupanda, kama miradi mingi ya wakati ule. Watu waliipokea, lakini moyo wao haukuwa huko. Walipoulizwa wanataka nini, walitaja ngitili. Wataalamu wa mradi, wakiongozwa kwa miaka mingi na Wendelen Mlenge, walikuwa na busara ya kusikia. Pesa za Norway na ujuzi wa kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha ICRAF chenye makao Nairobi vilielekezwa kwenye kitu ambacho hakuna mzungu aliyekibuni: funga pori, acha visiki vichipue vyenyewe, migunga irudi. Kilichokuwa kigeni ni vipimo na ramani. Ulinzi ulikuwa wa sungusungu, na hukumu ilikuwa ya dagashida, baraza la Kisukuma ambalo faini yake huogopwa kuliko ya mahakama.

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilifika hekta 600 hivi. Mradi ulipofungwa 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka uliofuata timu ya Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine ilichapisha hesabu ya faida: kuni, malisho, dawa, asali, nguzo, matunda ya porini. Ilifika dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50. Timu hiyohiyo haikuficha kwamba mwenye eneo kubwa alivuna zaidi, na maskini asiye na ng'ombe alipata masazo. Pamoja na hayo, ukiniuliza ni wapi kati ya nchi hizi tatu shilingi ya utafiti ilirudisha miti mingi zaidi kwa kila anayeilipa, sitatafuna maneno. Ni Shinyanga.

Saa ya mti na saa ya mfadhili

Ruzuku za utafiti zina umri wake. Nyingi huishi miaka mitatu, zenye bahati mitano. Mwaka wa kwanza huisha kwa vibali na kuajiri, wa mwisho kwa kuandika ripoti. Mwaloni wa buluu huishi karne na zaidi. Mgunga wa kwenye ngitili una haraka kidogo, lakini ukame unaoujaribu hauji kwa ratiba ya mfadhili.

Kwenye hifadhi ya Hastings, bonde la Carmel, kuna utafiti unaonivutia kwa udogo wake. Tangu 1980 Walter Koenig na wenzake wamehesabu kokwa za mialoni kila vuli. Mbinu yao haihitaji maabara. Watu wawili husimama chini ya mti na darubini za mkononi, kila mmoja huhesabu kokwa anazoziona kwa sekunde 15, wanajumlisha, wanahamia mti unaofuata. Mwanzoni walichagua miti 250, na wamekuwa wakiirudia miaka nenda miaka rudi. Kazi hiyo ndiyo iliyoonyesha jinsi mialoni ya eneo pana inavyozaa kwa pamoja mwaka mmoja hadi matawi kuinama, na mwaka mwingine ikanyima karibu kabisa, na ndege, kulungu na miche ya kesho vikategemea hesabu hiyo. Ruzuku ya miaka mitatu ingeweza kuangukia miaka mitatu ya ukame wa kokwa, mtafiti akaandika kwamba mialoni imegoma kuzaa.

Pesa kubwa, kwa upande mwingine, hufuata msiba. Katikati ya miaka ya 1990 mialoni na miti ya jamii yake ilianza kufa ghafla katika wilaya ya Marin, kaskazini mwa San Francisco. Mwaka 2000 David Rizzo na Matteo Garbelotto walikitambua kijidudu kinachoiua. Msaada ulipatikana, na ilikuwa haki upatikane. Lakini mwaloni wa buluu unaozeeka bila watoto hauna harufu ya msiba. Hauangukii paa la mtu. Hufa polepole, nje ya umri wa ruzuku yoyote, na kwa hiyo hukosa wa kuuandikia ombi.

Kay alifaulu kuonyesha kosa la shoka kwa sababu moja tu: vipimo viliendelea baada ya jibu la kwanza kupatikana. Huntsinger alifaulu kwa sababu alirudi. Wote hao walikuwa na kitu ambacho Shinyanga haikuwa nacho baada ya 2004, taasisi inayobaki mfadhili akiondoka.

Pale mfano unapokwama

Mhakiki anayelinganisha lazima aonyeshe pia pale vitu vinapokataa kulingana. Mialoni ya California na dehesa nyingi za Hispania ni mali ya mtu mwenye hati. Mtafiti akimshawishi mwenye ranchi mmoja, ameshawishi maelfu ya ekari. Tanzania ardhi yote ni ya umma, na tangu sheria za 1999 ardhi ya kijiji husimamiwa na kijiji chenyewe. Ngitili nyingine ni za kaya, nyingine za jumuiya, na uamuzi hupita kwenye mikutano. Huwezi kuchukua mkataba wa kutojenga wa California ukaupandikiza Kishapu.

Na wanaolipa hawafanani. California hulipa kwa kodi yake. Hispania hulipiwa na Ulaya ambayo nayo ni mwanachama wake, hivyo ina kura ya kubadili kanuni mbaya. Shinyanga ililipiwa na rafiki wa mbali, na rafiki hana deni. Siku anapobadili sera hakuna wa kumshtaki. Lakini nguvu ya Shinyanga iko hapohapo penye unyonge wake. Mpango wa California ulipofungwa, maofisa wake walikwenda na utaalamu wao. HASHI ilipofungwa, ngitili zilibaki mikononi mwa watu waliozijua kabla ya HASHI. Zinabanwa na mkaa, mashamba na migodi, lakini neno lenyewe halijafa, na penye neno pana pa kuanzia.

Mwaka 2013 kilitoka kitabu kikubwa kinacholinganisha dehesa za Hispania na ranchi za California, kikihaririwa na Pablo Campos wa Hispania, Huntsinger na wenzao. Ni kazi ya kuheshimika, na mengi ya mjadala huu yanaanzia kwenye meza yao. Kiti cha tatu kwenye meza hiyo hakikuwekwa. Kama kingewekwa, Msukuma angewaambia jambo moja ambalo nchi hizo mbili tajiri zimelipia kwa gharama kubwa: mtu hulinda pori ambalo alishiriki kulitungia swali.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Ukubwa wa mfuko hauokoi mti. California ilikuwa na mfuko mkubwa ikafyeka, Ulaya ina mfuko mkubwa kuliko wote na ikauhesabu mti kama upungufu. Kinachookoa ni mambo matatu yakikutana: swali linalotoka kwa anayeishi chini ya mti, mfadhili asiyejipinga mwenyewe kwa ruzuku nyingine, na muda unaozidi jibu la kwanza. Shinyanga ilikuwa na la kwanza kwa wingi. La tatu ilinyimwa, na hilo ndilo rahisi kulirudisha.

Kwa wenzetu wa taasisi za utafiti wa misitu na mifugo, na kwa halmashauri za Shinyanga na Simiyu, ombi ni dogo. Kila kijiji chenye ngitili kiwe na daftari. Kila mwaka, siku ngitili inapofungwa na siku inapofunguliwa, watu wawili wahesabu visiki vilivyochipua kwenye eneo lilelile, waandike tarehe ya mvua ya kwanza na idadi ya ng'ombe walioingia. Posho yao itoke kwenye faini za dagashida na bajeti ya halmashauri, isingoje barua kutoka Oslo. Haba na haba hujaza kibaba, na daftari la miaka 15 litaeleza kitu ambacho ripoti ya miaka mitatu haiwezi kukijua.